Ploti: Ardhi, Njama na Hadithi katika Neno Moja

Utangulizi

Makala haya yanahusu neno moja dogo. Neno hilo ni ploti, ambalo Kiswahili cha Kenya kimelikopa kutoka Kiingereza, na ambalo hutumiwa kila siku katika mazingira mawili yasiyojuana: darasa la fasihi na soko la ardhi. Darasani, ploti ni mpangilio wa matukio katika riwaya, hadithi fupi au tamthilia, yaani kile ambacho wahakiki wengine hukiita msuko. Nje ya darasa, ploti ni kipande cha ardhi, au nyumba za kupangisha zilizojengwa juu ya kipande hicho. Walimu wengi tumezichukulia maana hizi mbili kuwa sadfa tu ya lugha, kama vile kaa la moto na kaa wa pwani. Tunakusudia kuonyesha hapa kwamba maana hizi ni za ukoo mmoja, na kwamba mhakiki wa Nairobi anayezitenganisha kabisa hujinyima njia nzuri ya kuzisoma kazi zetu.

Chanzo cha hoja hii ni kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa kwanza swali la kawaida: Jadili ploti ya riwaya ya Kidagaa Kimemwozea. Mwanafunzi mmoja, aliyekuwa akiishi Kawangware na kuja chuoni kila siku kwa matatu, aliandika kurasa nne juu ya shamba: nani alilimiliki, nani alilinyakua, karatasi gani zilighushiwa, nani alifungwa jela. Hakutaja utangulizi wa matukio, wala kilele, wala mbinu rejeshi. Nilimpa alama tatu kati ya ishirini, na pembeni nikaandika kuwa hakulielewa swali. Alipokuja ofisini aliuliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani ploti ya kitabu hiki si ni lile shamba?" Nilicheka. Siku iliyofuata nililirudia swali lake mbele ya darasa bila kumtaja jina, na darasa zima likacheka; yeye hakucheka. Muhula uliofuata alihamia somo jingine. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Neno katika Kiingereza

Tuanze na asili ya neno lenyewe. Katika Kiingereza cha Kale, plot ilimaanisha kipande kidogo cha ardhi. Hiyo ndiyo maana yake kongwe. Kufikia karne ya 16 maana hiyo ilikuwa imepanuka, na mchoro au ramani ya kipande cha ardhi ukaitwa kwa neno hilohilo. Kutoka kwenye mchoro wa ardhi si mbali kufika kwenye mchoro wa jambo lolote linalokusudiwa kutendwa, kwa kuwa mjenzi huchora kabla ya kujenga.

Karne hiyohiyo Kiingereza kilikuwa kimepokea kutoka Kifaransa neno complot, lenye maana ya njama. Maneno haya mawili yalifanana kwa sauti, na maana ya mpango wa siri ikaingia katika plot na kukaa humo. Mwaka 1605, kundi la Wakatoliki lilipokusudia kulipua Bunge la London kwa baruti, tukio lile liliingia katika historia kwa jina la Gunpowder Plot.

Majumba ya maonyesho ya wakati huo nayo yalikuwa na plot zao. Hizi zilikuwa karatasi zilizotundikwa nyuma ya jukwaa, zenye orodha ya maonyesho na majina ya waigizaji wa kuingia katika kila onyesho. Chache zimesalia hadi leo. Mojawapo imehifadhiwa katika Dulwich College, London. Hivyo, ilipofika karne ya 17 neno hili likaanza kutumiwa kwa mpangilio wa matukio ya tamthilia na hadithi, njia ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Msanii wa kubuni alirithi neno la mpima ardhi na la mla njama kwa pamoja.

Anayetaka ushahidi wa urithi huo na auangalie mchezo wa Hamlet wa William Shakespeare. Katika sehemu ya nne, Hamlet anawatazama askari wanaokwenda kupigania kipande cha ardhi ambacho hakitatosha hata kuwazika watakaofia hapo, naye anakiita plot. Katika sehemu ya tano, mhusika huyohuyo anatumia neno hilohilo kwa mipango ya siri inayomwendea mtu kombo. Ardhi na hila zimo katika kinywa kimoja, na mchezo wenyewe unaendeshwa na njama za mfalme aliyeunyakua ufalme wa ndugu yake.

Nadharia ya baadaye ililisafisha neno hili. E. M. Forster, katika Aspects of the Novel ya mwaka 1927, alitofautisha hadithi na ploti: hadithi hufuata wakati tu, ilhali ploti hufuata sababu. Tofauti hiyo imetufaa sana, na bado tunaifundisha. Lakini katika kuieleza, udongo uliondolewa kwenye neno, na kilichobaki kikawa suala la akili peke yake. Ni Peter Brooks, katika Reading for the Plot ya mwaka 1984, aliyewakumbusha wahakiki kwamba neno hili lina maana nne katika kamusi, yaani ardhi, mchoro, mfululizo wa matukio na hila, na kwamba maana hizo zinagusana. Brooks, hata hivyo, alishughulikia hasa riwaya za Ulaya na tamaa zinazowasukuma wahusika wake. Swali la nani anamiliki ardhi inayosimuliwa halikuwa shughuli yake kuu. Kwetu sisi haliwezi kuwa dogo.

Ploti ya Nairobi

Neno hili lilifika kwetu pamoja na kamba ya mpima ardhi. Nairobi ilianza kama kambi ya reli mwaka 1899, na tangu mwanzo ukawa mji wa kugawanywa. Vilima vya magharibi, yaani Kilimani, Kileleshwa na Lavington, vilitengewa Wazungu; Wahindi wakapewa sehemu kama Parklands na Ngara; Waafrika wakasukumwa mashariki. Kule Dagoretti, nje ya mipaka ya mji wa wakati ule, ilikuwapo ardhi ya hifadhi ya Wakikuyu. Wakati wa uhuru mipaka ya jiji ilipanuliwa ikaimeza Dagoretti, pamoja na Kawangware. Ndiyo maana hadi leo mtu hutembea kwa dakika chache kutoka kwenye nyua za Lavington zenye miti mikubwa hadi kwenye vichochoro vya Kawangware. Vipande hivi viwili vya ardhi vinatenganishwa na barabara, na pia na historia ya nani alichora ramani.

Katika Kiswahili cha mitaa hii ya magharibi, ploti ina angalau maana tatu. Ya kwanza ni kipande cha ardhi chenye nambari na mawe ya mpaka. Ya pili ni jengo la kupangisha: safu za vyumba kimojakimoja zinazotazamana, ua katikati, bomba moja, choo cha pamoja, na lango linalofungwa usiku. Mtu husema, "Tuliishi ploti moja," naye akamaanisha ujirani wa karibu mno, wa kujua hata jirani amepika nini. Ya tatu ni ya vijana. Ijumaa jioni, kijana akiuliza, "Ploti ni gani?" anataka kujua mpango wa usiku huo. Kwa hiyo Nairobi, bila kuongozwa na kamusi, imeirudia safari ileile ya neno la Kiingereza, kutoka kwenye udongo, kupitia jengo, hadi kwenye mpango.

Maana ya njama ndiyo iliyokosekana katika neno letu, kwa kuwa Kiswahili kilikuwa tayari na neno njama. Hata hivyo, kilichokosekana katika neno kilikuwapo katika vitendo. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulisukuma mbele ukusanyaji wa vipande vya ardhi na utoaji wa hatimiliki katika maeneo ya Wakikuyu, wakati ambapo maelfu ya watu walikuwa kizuizini kwa sababu ya Hali ya Hatari. Baadhi yao walirudi wakakuta mpaka umechorwa bila wao. Baada ya uhuru kalamu ilibadilisha mikono. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, ukingoni mwa katikati ya jiji, na ikambidi Wangari Maathai asimame kuupinga hadi ukaachwa. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma, ikiwamo ya misitu, barabara na shule, ilivyogawiwa watu binafsi na makampuni kinyume cha sheria. Msomaji wa ripoti hiyo hukutana na wahusika, motisha, siri na upeo. Kwa maneno mengine, hukutana na ploti kwa kila maana ya neno hilo.

Msuko

Wapo wahakiki wanaosema kuwa neno ploti lisingefaa kuingia katika istilahi zetu kabisa, maadamu tunalo neno msuko. Hoja yao ina uzito, na inafaa tuitazame kwa haki.

Msuko unatokana na kitenzi suka. Mwanamke wa pwani huchana miyaa kuwa chane, akazisuka chane kuwa ukili, kisha akaushona ukili kuwa mkeka. Nairobi nako tunasuka. Atakayefika Kenyatta Market atawaona wasusi kadhaa wamemzunguka mteja mmoja, kila mmoja na upande wake wa kichwa, na baada ya saa chache mistari yote hukutana pale ilipokusudiwa. Kwa mfano huu tu, mwanafunzi huelewa jinsi visa vingi vinavyoweza kusimuliwa kwa zamu na hatimaye kufungwa pamoja. Neno ploti, likiwa peke yake, halimpi picha hiyo ya mikono inayofanya kazi.

Aidha, msuko umebeba kile ambacho ploti yetu imekikosa. Katika Kiswahili watu husuka mipango, na husuka njama pia. Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963, ni mfano mzuri: msuko wake ni njama inayosukwa mbele ya macho yetu, na kufumuka mikononi mwa walioisuka.

Lakini msuko nao una upungufu wake. Mkeka huweza kutandikwa popote. Unakunjwa, unabebwa, unauzwa mji mwingine. Neno msuko halina mahali, halina mpaka wala mwenyewe. Halitusukumi kuuliza hadithi hii imesimama juu ya ardhi ya nani. Kwa fasihi ya nchi ambayo mgogoro wake mkuu umekuwa ardhi, hilo ni pengo kubwa.

Kidagaa Kimemwozea: ndugu wawili, ploti mbili

Sasa turudi kwenye swali la mwanafunzi. Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora iliyochapishwa mwaka 2012 na kutahiniwa katika shule za upili za Kenya kwa miaka kadhaa, imejengwa juu ya wizi wa aina mbili. Mtemi Nasaba Bora amelinyakua shamba la ukoo wa Amani kwa hati za kughushi, na asiye na hatia akatupwa gerezani. Mwalimu Majisifu naye amejipatia mswada wa riwaya alioutunga Amani, akauchapisha kwa jina lake na kupata sifa isiyo yake. Mtemi na Mwalimu ni ndugu.

Miongozo mingi huvieleza visa hivi viwili katika sura tofauti. Kisa cha shamba huwekwa chini ya maudhui ya unyakuzi na uongozi mbaya. Kisa cha mswada huwekwa chini ya elimu, au unafiki wa wasomi. Kwa nini basi mwandishi akawafanya wezi hawa kuwa watoto wa nyumba moja? Tukilitumia neno ploti kwa ukamilifu wake, jibu linaonekana. Ndugu mmoja ameiba ploti ya udongo na mwingine ameiba ploti ya maneno, na wote wawili wametumia njia moja, yaani karatasi yenye jina lisilo la mwenyewe. Hatimiliki ya kughushi na jalada la kitabu lenye jina la mwizi ni vitu vya aina moja. Kila kimoja kinamwambia msomaji kwamba mali hii ni ya fulani, na kila kimoja kinasema uongo. Kiungo cha vyote viwili ni ile maana ya tatu ya Kiingereza, njama.

Amani, mdhulumiwa wa wizi wote wawili, anaingia katika riwaya kama mtafuta kazi na kuajiriwa kuchunga ng'ombe wa mtu anayeikalia haki yake. Huo ndio mwendo wa riwaya nzima: mwenye ploti anarudi akiwa kibarua, na polepole karatasi zinaanza kusema ukweli. Jina la riwaya lenyewe, linalotokana na msemo wa mtu ambaye mambo yamemharibikia mkononi, ni hukumu juu ya njama hizo. Na jina hilohilo ndilo jina la mswada ulioibwa ndani ya hadithi. Kitabu alichokishika msomaji kina jina la mali iliyoibwa, hivyo naye analazimika kuuliza: ni cha nani?

Mwanafunzi wangu aliandika kuhusu nusu moja ya muundo huu. Hakuandika kuhusu mswada, na hakueleza jinsi matukio yalivyopangwa. Kwa hayo alistahili kupunguziwa alama. Lakini aliushika mhimili ambao wenzake, waliokariri utangulizi, kilele na suluhu, hawakuugusa. Aliishi katika ploti. Alijua kwamba mahali palipo na ploti pana mwenye ploti, na kwamba jambo la kwanza la kuuliza ni huyo mwenyewe aliipataje.

Usomaji huu hauishii kwa riwaya moja. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1982 ya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyoandikwa kwanza kwa Kikuyu, wezi hushindana jukwaani kueleza ufundi wao. Mmoja wao, Gitutu wa Gataanguru, hujigamba kwa biashara ya kununua ardhi na kuigawa vipandevipande kwa ajili ya kuuza. Mwingine, Kihaahu wa Gatheeca, anatamani kuwajengea maskini vyumba vidogo kama viota vya ndege. Msomaji wa Kawangware hahitaji maelezo ya chini kuuelewa mzaha huo. Kila hotuba ya mashindano hayo ni msuko mdogo, na mada yake ni ploti.

Pingamizi

Huenda ikasemwa kwamba tunakaribisha vurugu. Istilahi ya kitaaluma hutakiwa iwe na maana moja, na mtahiniwa asiachwe akibahatisha. Hilo tunalikubali kuhusu mtihani. Mwalimu anayetaka mpangilio wa matukio na auandike swali lake kwa neno msuko, au aseme wazi anachotaka. Kosa la mkanganyiko ule lilikuwa la mtungaji wa swali, wala halikuwa la aliyelijibu.

Pingamizi la pili ni kwamba usomaji wa aina hii utamfanya kila mhakiki atafute shamba katika kila hadithi. Hapana. Zipo kazi ambazo ardhi si jambo lake, na kulilazimisha neno huko ni kuionea kazi. Tunachopendekeza ni kwamba mhakiki awe na maswali mawili mkononi badala ya moja. La msuko ni: matukio haya yamesukwaje, na kwa mikono gani? La ploti ni: hadithi hii imezungushiwa ua wapi, nani yuko ndani, nani ameachwa nje, na jina la nani limeandikwa kwenye hati?

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba neno ploti lilianzia kwenye udongo, likapitia kwenye mchoro na hila, ndipo likafika kwenye hadithi. Kwamba Nairobi imelipokea na kulirudisha kwenye udongo wake. Na kwamba msuko, pamoja na ubora wake, hauwezi kulirithi peke yake. Istilahi hizi mbili zinaweza kukaa pamoja, kila moja na kazi yake.

Karatasi ile ya mtihani sikuihifadhi, na mwenyewe sijakutana naye tena. Kama ningeisahihisha leo, ningempa alama kumi na mbili, na pembeni ningeandika: Umeona ploti ya Mtemi. Sasa niambie, ya Majisifu iko wapi?